Nastaafu Januari: kabati la vishikwambi nimwachie nani, na nimwachie vipi?

MwalimuMaragoli – Jumapili, saa 2 usiku

Walimu wenzangu, hamjambo? Naomba ushauri, na mnivumilie nikirefusha, kwa sababu jambo lenyewe halikuanza jana.

Januari ijayo natimiza miaka 60 na kazi ya chaki inaishia hapo. Nafundisha Kiswahili na Hisabati katika shule ya msingi hapa Vihiga, upande wa Maragoli. Tangu 2017 ufunguo wa kabati la vishikwambi umekaa kwenye mshipi wangu, pamoja na wa nyumbani na wa zizi. Ndani ya kabati mna vishikwambi 47, vipakatalishi 2, projekta 1 na kile kisanduku cha kurushia masomo darasani bila intaneti. Nauliza: nikiondoka, nimkabidhi nani, na makabidhiano yenyewe yaweje ili vitu hivi visilale? Tafadhali msiniambie tu "mpe mwalimu mkuu". Mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema na ana shule ya kuendesha. Lakini nimeona vyombo vikifia shuleni pindi tu mtu wake anapoondoka, na sitaki nisikie habari hiyo tena nikiwa nyumbani.

Cha kwanza kilikuwa redio. Niliajiriwa 1990, mwaka mmoja tu baada ya redio ya taifa, VOK (Sauti ya Kenya), kugeuka KBC, nikapelekwa shule moja ng'ambo ya mji wetu wa Luanda. Tulikuwa na redio kubwa ya betri sita, wazazi walichanga wakainunua. Msimamizi wake alikuwa madam wa Kiingereza. Ratiba ya vipindi vya shule kutoka Taasisi ya Elimu aliibandika ndani ya mlango wa kabati kwa uji mzito. Kabla ya kipindi kuanza utamkuta ameshaandika ubaoni maneno magumu, redio iko juu ya meza katikati ya darasa, antena imeelekezwa dirishani. Betri zikilegea alizianika juu ya mwamba nyuma ya darasa, na mwamba kwetu si kitu cha kutafuta. Watoto zaidi ya 50 walikaa kimya kwa dakika ishirini wakisikiliza mtu wasiyemwona, halafu wakajibu kwa pamoja mtangazaji alipowaachia nafasi ya kujibu.

Mwaka wa 1993 alihamishiwa Busia. Redio ilibaki ofisini, hakuna aliyeivunja wala kuiiba. Nilipoifungua mwaka uliofuata nikitaka kuitumia, betri zilikuwa zimevujia ndani, ule unga mweupe umekula springi zote za chuma. Hakuna aliyejua kwamba kila Ijumaa jioni madam alikuwa akizitoa betri na kuzifunga kwa gazeti. Hilo hakuliandika popote. Alikuwa akilifanya tu.

Mashine ya saiklostaili nayo iliondoka na karani aliyejua kuipaka wino bila kuchafua stensili. Tarakilishi ya kwanza ya ofisini ikaishia kuwa meza ya kuwekea mafaili. Hayo nayapita.

Sasa hivi vishikwambi. Kwa vijana wasiokumbuka, ahadi ilitolewa kwenye kampeni za 2013 kwamba watoto wa darasa la kwanza watapewa vipakatalishi. Mpango wenyewe ulipoanza 2016, watoto wakapewa vishikwambi na vipakatalishi vikawa vya walimu. Kwetu vilifika 2017. Kwanza tuliambiwa tuwe na stima na chumba salama, tukaweka vyuma madirishani na mlango wa bati zito. Mimi nikateuliwa kwenda mafunzo kwa sababu nilikuwa na simu ya kugusa kioo.

Kuna mtoto mmoja wa kike wa mwaka ule ambaye sijamsahau. Alikuwa akilelewa na nyanyake, na kabla ya kuja shule alikuwa ameshachota maji na kung'oa magugu kwenye majani chai. Nikawapa kile kipindi cha wanyama, ukigusa picha mnyama analia. Anagusa kuku, kuku halii. Anabonyeza kwa nguvu, kuku halii. Wenzake kulia na kushoto darasa zima ni majogoo. Nikakishika kidole chake, nikakikuta kigumu kama gome la mti, kimepasuka na udongo umejaa kwenye nyufa. Nikampeleka nje nikamwosha, nikampaka mafuta kidogo ya kujipaka, nikamrudisha. Akagusa, kuku akalia. Hakucheka. Aligusa tena akasikiliza, akagusa tena, mara saba au nane, kama mtu anayehesabu pesa alizolipwa akihakikisha hazijapungua.

Tangu siku hiyo kikopo cha mafuta hukaa kwenye rafu ya juu ya kabati. Kila Januari watoto wapya wanapoanza, mikono ya wale wanaolima lazima ipakwe, la sivyo kioo hakiwasikii, na mtoto anakata shauri kwamba mashine haimtaki. Mwalimu atakayekuja akikikuta kikopo hicho bila kuambiwa, atakitupa. Ndicho kinachoninyima usingizi, si zile nambari za vifaa kwenye daftari la mali ya shule.

Yaliyofuata mnayajua. Masomo yaliyokuwa ndani yalikuwa ya mtaala wa zamani, 2019 mtaala wa umilisi (CBC), wenye Gredi badala ya madarasa, ukaingia, nikaanza kutafuta vitabu vya Gredi na kuvipakia kimoja kimoja kutoka kwenye kipakatalishi. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Na hapa niseme kitu ambacho bado kinaniuma. Miezi ile yote, hadi Gredi ya 4 na darasa la nane waliporudi Oktoba 12, vishikwambi 47 vilikaa gizani nyuma ya mlango wa bati. Hatukuruhusiwa kuvitoa, na mimi mwenyewe niliogopa hata kuomba ruhusa. Kilichowafikia watoto wangu ni redio! Masomo ya redio ya KBC. Nilipita njiani asubuhi moja nikawakuta watano wamekaa kwenye ukingo wa kibaraza cha duka, mwenye duka amewaongezea sauti, mmoja anaandika juu ya goti. Nilisimama pale mpaka kipindi kikaisha.

Leo, katika 47, vinavyowaka ni 21. Gredi ya 1 ina watoto 58, kwa hiyo watatu kwa kimoja, na vichache vinashikwa na wawili. Kipakatalishi kimoja kizima. Projekta nzima, nuru yake imefifia kidogo. Kile kisanduku kiliuawa na radi 2021.

Walimu vijana ninao wanne wenye uwezo kuniliko. Nikiwaonyesha ufunguo wanarudi nyuma. Nimekwama. Nipeni mawazo.

---

Tr_Njoro – Jumapili, saa 3 usiku

Mwalimu, pokea heshima zangu. Nimesoma mpaka mwisho na hicho kikopo cha mafuta kimenigusa.

Mimi ni wa juzi tu. Nilianza 2023 kama mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9, ndani ya shule ya msingi) huku Njoro, nafundisha Hisabati na Sayansi Jumuishi. Nitakueleza upande wa pili wa hadithi yako, upande wa anayekuta.

Nilikuta stoo yenye projekta na kipakatalishi vilivyofunikwa gunia. Nikavipangusa, nikachomeka, kipakatalishi kikawaka vizuri kabisa, kikaniomba nywila. Nani anaijua? Mwalimu aliyekuwa nacho alihamishwa zamani. Naibu hajui, karani hajui. Nilikaa muhula mzima nikifundisha mfumo wa upumuaji kwa kuchora mapafu ubaoni wakati mashine iko hatua kumi kutoka darasani. Mwishowe aliyenisaidia ni mama mpishi. Yeye ndiye aliyekuwa na nambari ya simu ya yule mwalimu, kwa sababu walikuwa chama kimoja cha akiba. Nikampigia, akafurahi sana kwamba kuna mtu anakitafuta. Nywila ilikuwa jina la ng'ombe wake na mwaka aliomnunua.

Kwa hiyo, Mwalimu, nywila kwanza. Ziandike kwenye karatasi, itie kwenye bahasha, uifunge, mwalimu mkuu aiweke kwenye sefu na ofisi iandike kwamba iko. Halafu andika nambari yako ya simu ndani ya mlango wa kabati kwa kalamu isiyofutika. Najua unastaafu, lakini simu moja ingeniokolea muhula mzima.

La pili, usitafute mwalimu peke yake. Walimu tunahamishwa. Tafuta watoto. Sisi tuna wasimamizi wanane. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuchukua wa Gredi ya 9, wakaondoka na ujuzi wao. Sasa tunachukua wa Gredi ya 4 na ya 5, maana bado wako nasi kwa miaka kadhaa, na kila anayeingia anafunzwa na mtoto aliyemtangulia, si na mimi. Wanajua kipi kinachelewa kujaa, chaja ipi ina waya uliokatika ndani ukiipinda inafanya kazi. Vitu ambavyo mimi mwenyewe sivijui.

---

MwalimuBungoma – Jumapili, saa 3 na nusu usiku

Mwalimu, heko kwa kazi ya miaka yote hiyo. Lakini niseme ukweli ninavyouona: vishikwambi vya 2017 umri wake umeisha. Programu mpya hazikubali kuingia, betri zimechoka. Unamtwika kijana mzigo wa kulea wagonjwa. Ningekuwa wewe ningeomba bodi ya shule ifuate utaratibu wa kuondoa mali chakavu, nguvu iende kutafuta vipya.

---

MwalimuMaragoli – Jumapili, saa 4 kasoro

Mwalimu wa Bungoma, asante, sikukasirika. Ila wewe unaangalia programu mpya, mimi naangalia kazi ninayokifanyisha. Watoto wangu wanasoma hadithi, wanasikiliza matamshi, wanapiga picha majani na wadudu kwa ajili ya Mazingira. Kazi hizo hazidai programu mpya wala intaneti. Kitabu cha hadithi kilichopakiwa kinafunguka 2017 na kinafunguka leo. Vipya vikija nitavipokea kwa mikono miwili, lakini mtoto wa Gredi ya 1 hawezi kunisubiri, mwaka ujao atakuwa Gredi ya 2.

Kijana wa Njoro, hiyo ya nywila umenishtua. Nimetazama, kumbe nywila ya kipakatalishi chetu iko kichwani mwangu peke yake.

---

NyarKano – Jumatatu, saa 12 asubuhi

Ndugu yangu mwalimu, mimi ni madam wa huku Nyando, karibu na Ahero. Nina miaka 19 kazini.

Umesema vijana wanarudi nyuma ukiwaonyesha ufunguo. Wewe hujauliza kwa nini? Mimi nitakwambia kwa sababu nami nilirudi nyuma. Si kwamba hawajui mashine. Wanaogopa sahihi. Ukitia sahihi kwenye daftari la mali kwamba umepokea 47, siku vikihesabiwa vikawa 46, macho yote ni kwako. Mwalimu ana mkopo, ana karo za wanawe, akifikiria kulipa kishikwambi anaona afadhali kabati lifungwe na watoto wasome ubaoni. Kabati lililofungwa halipotezi kitu. Vifaa vingi vya shule za huku vimezeeka vikiwa vipya kwa sababu ya woga huo, na sitawalaumu walimu.

Kwa hiyo kabla hujatoa ufunguo, toa huo woga. Nenda kwenye kikao cha bodi kabla ya muhula kuisha. Iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba vifaa ni mali ya shule chini ya bodi, kwamba vingapi vinawaka na vingapi vimekufa, nambari kwa nambari, na kwamba kifaa kikiharibika mtoto akikitumia darasani hiyo ni kazi, halipi mtu. Kikipotea, kuna utaratibu wa kuripoti kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Mwenyekiti atie sahihi. Sisi tulipofanya hivyo, madam wa Gredi ya 2 alikuja mwenyewe kuomba.

Halafu jambo la ufunguo mmoja. Mwalimu, ufunguo mmoja kwenye mshipi wa mtu mmoja ni hatari, hata mtu huyo awe mwaminifu kama wewe. Mafuriko ya 2024, yale yaliyofanya shule zichelewe kufunguliwa hadi Mei 13, maji ya mto Nyando yaliingia shuleni kwetu usiku. Asubuhi yalikuwa magotini na bado yanapanda. Tulifika watatu, mimi, mlinzi na mzazi mmoja mwenye mtumbwi. Kabati liko pale, la chuma, tunaligusa. Ufunguo uko na mwenzetu ambaye kwao kuliko ng'ambo na barabara imekatika. Tulijaribu jembe, tukajaribu nondo, likakataa. Lilitengenezwa lisivunjwe na mwizi na kweli halikuvunjika. Rafu mbili za chini zilizama tukiangalia. Siku tatu baadaye tulipofungua, maji yalimwagika miguuni mwetu yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa. Vile vya rafu ya juu vinafanya kazi mpaka leo.

Funguo mbili. Moja kwa mwalimu, ya pili kwenye bahasha ofisini au kwa mlinzi anayelala hapo. Na vitu vizito ndivyo vikae chini, vifaa juu.

---

Fundi_Kondele – Jumatatu, saa 3 asubuhi

Mwalimu habari. Mimi si mwalimu, ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu. Mke wangu ndiye mwalimu, amenionyesha huu mjadala akasema jibu hapo.

Umesema 26 haviwaki. Haviwaki vipi? Hilo neno kwangu lina magonjwa matatu tofauti. Kuna kile ukichomeka hakionyeshi kitu kabisa hata baada ya saa nzima. Kuna kile kinachowaka ukishikilia waya wa chaji kwa pembe fulani. Na kuna kile kinachowaka kikazima baada ya dakika chache. Vitenge mafungu matatu kabla hujavipeleka kwa fundi yeyote.

Fungu la pili ni rahisi. Ile soketi ya chaji imelegea kwa sababu mtoto huchomoa akivuta waya. Nyingi zinahitaji kuchomelewa upya tu, si kubadilishwa. Mimi huchukua 300 kwa kimoja, ukileta vingi tunaongea. Fungu la tatu ni betri. La kwanza linaweza kuwa betri iliyolala sifuri muda mrefu mpaka ikakataa kuamka, au kitu kingine, sitakudanganya bila kukiona.

Sasa sikiliza kitu cha maana. Kuna yeyote kati yao amefura mgongoni? Kiweke juu ya meza iliyo sawa, kikizungukazunguka au kioo kikianza kuachana na mfuniko, hiyo betri imevimba. Usikichaji tena. Usikibonyeze kirudi. Usimpe mtoto. Usikitoboe kwa msumari upunguze hewa, kuna mtu aliniletea mkono ulioungua kwa sababu hiyo. Kitoe kabatini, kiweke peke yake kwenye chungu cha udongo au ndoo ya mchanga, mbali na karatasi, mpaka mtu anayejua akiondoe.

Kuhifadhi wakati wa likizo: watu wanakosea pande mbili. Wengine wanajaza mpaka 100 wanafunga miezi, wengine wanaacha kiishe kabisa. Betri hizi hupenda kulala nusu, 40 hadi 60. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba, mtu afungue mara moja katikati aziangalie. Na kabati lisiwe chini ya bati linalopigwa na jua mchana kutwa, joto ndilo linaloziua haraka kuliko kazi.

Kuchaji: chaja moja ya hivi vifaa ni kama wati 10. Hata ukichaji 40 kwa pamoja ni wati 400, haifiki nusu ya pasi ya umeme. Kwa hiyo si stima inayoshindwa. Kinachoungua ni zile ekstensheni za bei rahisi mnazochomeka moja ndani ya nyingine, ndani ya nyingine, ile ya kwanza ukutani inabeba zote na vyuma vyake vimelegea. Ukiigusa ukutani ukaisikia moto, hapo kuna shida. Chajini kumi kumi, ekstensheni moja moja ukutani.

Na radi. Nyinyi wa Vihiga na Kakamega mvua ya mchana mnaijua vizuri. Wingu likianza tu, chomoa ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

---

MwalimuMaragoli – Jumamosi, saa 11 jioni

Wenzangu, nimerudi na habari.

Jumatano nilimwona mwalimu mkuu, nikamwonyesha mjadala huu kwenye simu. Alisoma maneno ya madam wa Nyando mara mbili. Bodi inakaa Alhamisi ijayo na jambo letu limewekwa kwenye ajenda. Leo asubuhi alikuja mwenyewe, pamoja na watoto sita wa Gredi ya 4 na ya 5 na mwalimu mmoja kijana aliyesema amekuja kutazama tu.

Tulivitoa vyote 47 tukavipanga kwenye madawati nje, chini ya mparachichi. Kila mtoto alipewa vyake na karatasi. Mafungu matatu kama fundi alivyosema. Visivyoonyesha kitu kabisa ni 11. Vinavyotaka kushikiwa waya ni 9. Vinavyowaka na kuzima ni 4. Ukijumlisha utaona ni 24, si 26. Viwili nilivyokuwa nimevihesabu vimekufa ni vizima. Mtoto wa Gredi ya 5 alibadilisha chaja tu, vikawaka mbele yangu. Vilikaa kwenye rafu ya wafu tangu mwaka jana kwa sababu nilivijaribu kwa chaja moja ileile mbovu.

Vilivyovimba ni 3, vyote katika lile fungu la visivyowaka. Mmoja wa watoto ndiye aliyeona, alikiweka mezani kikawa kinayumba. Viko kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya ofisi, na mlinzi ameambiwa asikubali mtu kuvigusa. Kabati tumelihamisha kutoka upande wa magharibi, ukuta ule hupigwa na jua la alasiri, sikuwahi kulifikiria hilo.

Nimeanza daftari. Nilitaka kuandika kwa utaratibu, nambari, tarehe, nywila ziko wapi, nani ana ufunguo wa pili. Hayo yamo. Lakini ukurasa wa kwanza kabisa nimeandika habari ya mikono ya watoto wa Gredi ya 1 na mafuta. Nimeandika pia kwamba mtoto anayekosa kusikiwa na kioo asiambiwe abonyeze kwa nguvu, aoshwe kwanza, apakwe. Yule mwalimu kijana alichukua daftari akasoma ukurasa huo, akaniuliza mafuta ya aina gani. Nikamwambia yoyote. Akaniuliza tena, asubuhi au kabla ya kipindi tu? Nikamjibu kabla ya kipindi. Alikaa na daftari mpaka tulipofunga, na waliporudisha vifaa ndani yeye ndiye aliyekuwa akisoma nambari, mimi napokea.

Ufunguo wa pili nimeuagiza kwa fundi wa kufuli pale Mbale, mjini kwetu Vihiga.

Tr wa Njoro, simu yangu imeandikwa ndani ya mlango wa kabati. Kalamu isiyofutika.

Fundi, vile 9 vya waya nimevifunga kwa gazeti ndani ya katoni. Mwalimu mkuu amekubali vilipwe kutoka kwenye pesa za ukarabati. Nikija Kondele Jumamosi ijayo nakukuta kuanzia saa ngapi?

---

Fundi_Kondele – Jumamosi, saa 1 usiku

Saa 2 asubuhi nimefungua. Shuka Kondele stendi, uliza mtu yeyote fundi aliye karibu na wauza mitumba wa viatu. Njoo na chaja zake zote, hata zile mbovu. Na ukiweza, mlete huyo mtoto wa Gredi ya 5.